Jogoo wa Baba na Njia ya Omate

Wenzangu wa benchi, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande chake. Ndiyo maana sasa hapa Kibabi zinazunguka hadithi mbalimbali juu yangu, na katika moja nimeoa. Sikuoa. Naandika yote mara moja ili mniache ninywe chai yangu.

Mnanijua. Mimi ni mtu ambaye akienda sokoni Rubaya anaaga majirani kama anayevuka bahari. Nimelala nje ya Kibabi kwa sababu ya vita tu, na hilo halihesabiwi. Kukimbia si kusafiri. Mlipocheka kuniona juu ya moto, pikipiki ya kukodi, na kikapu cha jogoo mapajani, mlikuwa na haki. Hata mimi ningecheka, kama meno hayangekuwa yanagongana.

Kwa wale waliohamia hapa juzijuzi, nieleze kidogo. Tulikua, mimi na kaka yangu Deo, katika nyumba ambamo kila kitu kilibadilika isipokuwa baba. Wenye bunduki walikuja, wakaondoka, wakaja wengine. Kila kundi lilituita kiwanjani, likatufundisha wimbo wake na namna ya kuitikia, na sisi watoto tuliyashika yote. Shuleni picha ya mkubwa ukutani ilibadilika. Msumari ulibaki ule ule. Halafu yakaja makanisa. Nilipoanza shule kilima chetu kilikuwa na kanisa moja, la Katoliki, na baba ndiye katekista wake. Nilipomaliza sekondari maturubai ya maombi yalikuwa mengi hadi ngoma za Jumapili ziligongana katikati ya bonde. Watu walikuwa wamezika mno. Kila mmoja alitafuta Mungu anayekaa karibu zaidi.

Deo alikwenda kuchimba madini Rubaya. Udongo ulimfunika, na aliyemtoa, akamlaza nyumbani kwake, akamlisha mpaka akapona, ni mfanyabiashara Muislamu. Deo akarudi nyumbani anaitwa Idrisa. Baba alinyamaza. Ikafika Pasaka, baba akachinja mbuzi kwa ajili ya Wakristo wote wa kanisa letu, na Deo, mbele ya kila mtu, akasukuma sahani.

"Baba, nyama ya kuchinjwa hivi mi sikule tena."

"Mwenye anakataa sahani yangu," baba akasema, "asilale mu nyumba yangu. Na asizae kitu ikakaa."

Deo akaondoka kabla mbuzi hajapoa. Tulisikia yuko Walikale, kwenye dhahabu ya Omate. Namba za simu alizokuwa nazo zilikufa moja baada ya nyingine.

Sasa macho ya baba yanazimika. Ananijua kwa sauti, na mlango anauona kama mwanga tu. Asubuhi moja aliniita, akanipa jogoo mwekundu, yule mkorofi.

"Umupelekee muzima. Umuambie achinje yeye mwenyewe, kwa mukono yake, namna dini yake inasema. Kiisha aje huku anichinjie ingine, nitakula naye. Aje mapema, mbele macho yangu ifunge."

Nikamwambia barabara ni mbaya. Akasema jogoo hajui hilo.

Kibabi hadi Rubaya

Dereva wa moto aliuliza kama jogoo naye atalipa nafasi yake. Nikasema jogoo ni mzigo. Jogoo akamdonoa mgongoni, na dereva akasema mzigo haudonoi watu. Tukaanza safari tukiwa tumenuniana wote watatu.

Njia ya Rubaya mnaijua, sitawachosha. Tulipishana na wapagazi wanaoshuka na magunia ya mawe, vichwa chini, na kila mmoja, hata akiwa amevunjika mgongo, alipata pumzi ya kuuliza jogoo ni bei gani. Pale sokoni niliona watu wawili wa Kibabi. Niliwakumbatia kwa nguvu hadi wakashangaa. Sikuwaambia kwamba ninahesabu nyuso ninazozijua, na kwamba hizo zilikuwa za mwisho.

Rubaya hadi Masisi

Mvua ilitushika njiani, kilima kikamwaga tope barabarani, na kila gari likasimama. Tukangoja. Nimesoma sekondari, lakini hakuna mwalimu aliyenifundisha kungoja na watu nisiowajua. Nyumbani ukingoja kitu, unangoja huku unasengenya. Pale kila mtu alikuwa na wake wa kusengenya naye. Mimi nilikuwa na jogoo. Nilimpa punje za mahindi, nikamwuliza anaonaje hali ya barabara, mama mmoja mwenye bidoni za maziwa akasogeza bidoni zake mbali nami.

Masisi nilipata kitanda na sahani ya viazi na maharage. Chakula kile kile cha kwetu, hata chumvi ile ile, na hakikushuka kooni. Nilipotafakari nikaona sababu: hakuna aliyesema "karibu" kabla sijaanza kula, wala aliyeniambia nimekula sana. Nililala na kikapu karibu na kichwa. Jogoo alikoroma. Sikujua kama jogoo hukoroma.

Masisi hadi Kashebere

Hapa ndipo nilipompata Mama Kavira, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka Walikale. Alikuwa akipeleka sabuni, chumvi na biskuti kwa lori, na yeye mwenyewe aliketi mbele karibu na dereva, rozari shingoni, akipiga hesabu na kusali kwa pumzi moja. Alinikuta nimesimama kando ya barabara na kikapu.

"Weye, kaka wa jogoo. Unaenda wapi?"

"Omate, Mama."

"Na hiyo koti ya baridi? Utapikika kule. Panda huko juu ya sabuni."

Tulikwama, tukasukuma, tukakwama tena. Viatu vyangu vya Jumapili, vile mlivyovisifia kwenye ndoa ya Aline, vimebaki kwenye tope la Nyabiondo, anayevitaka akavichukue.

Mnajua kwamba mahali fulani kwenye njia ile utawala wa huku unaisha na wa kule unaanza. Hakuna alama. Unaona tu bariyeri, mti uliolazwa juu ya matofali, na watu wengine kabisa. Mwanaume mmoja mwenye majani kichwani alinyoosha mkono juu, akatupigia kelele neno la kundi lake, lile ambalo mtu mwenye akili huitikia haraka.

Na mdomo wangu, ambao haujawahi kuniomba ruhusa, ukaitikia. Ukaitikia kwa nguvu, mkono juu, kama mwanafunzi mzuri. Ila ulitoa jibu la wale waliotutawala nilipokuwa darasa la nne. Maadui zake.

Hata tone la mafuta likidondoka chini ya lori ulilisikia.

"Rudilia," mwanaume yule akasema.

Mdomo wangu ulikuwa tayari kurudia. Mama Kavira, ambaye kila tulipokwama nilimsimulia habari za kwetu, akatoa kichwa dirishani.

"Afande, muache huyo. Ni mutoto wa katekista wa Kibabi. Kule banabafundisha nyimbo ya kila muntu mwenye anapita. Anazijua zote, hakuna hata moja anajua maana."

"Zote?"

"Muulize."

Akaniuliza. Nikasimama juu ya sabuni, jogoo mkononi, nikaanza na wa kwanza, wale wa utoto, kisha waliowafukuza, kisha waliowafukuza hao. Sauti yangu mnaijua, kwaya ilinikataa mara mbili. Lakini nilipofika kwenye wimbo wa pili, mzee mmoja wa bariyeri, bunduki magotini, akaanza kuitikia bila kunitazama. Halafu mwingine. Kwenye wimbo wa tatu walikuwa wanapiga makofi, na yule mwenye majani kichwani akanisahihisha ubeti, kwa sababu kwao ulifundishwa tofauti kidogo. Wote tulikuwa tumesimama kwenye viwanja kama hivyo, kwenye jua kama hilo, tukiwa na kaptula za shule. Wimbo ulipoisha hakuna aliyecheka. Walionekana kama watu walioamshwa.

"Na jogoo?" akauliza yule mzee.

Nikasema ukweli, sikuwa na nguvu ya uongo. "Baba anamutumia mutoto wake. Dini yao si moja. Anataka amuchinje yeye mwenyewe, bakule pamoja."

Mzee alimwangalia jogoo muda mrefu. Kisha akamng'oa unyoya mmoja wa mkia, akauchomeka kwenye kofia yake. "Ushuru," akasema. "Muende."

Walikale

Wenzangu, kule kuna joto. Si joto la mchana tu. Hata kivuli kina joto. Miti imefunga mbingu, hewa inakaa juu yako kama mtu aliyelewa. Baridi yetu niliyoilalamikia maisha yote niliikumbuka kama mchumba.

Mama Kavira alinikaribisha nyumbani kwake nyuma ya duka. Tulikula ndizi zilizotwangwa, na samaki wa mtoni katika mawese mekundu kama udongo wa Rubaya. Nikauliza kama kuna viazi. Watu wote mezani wakacheka, na mpishi akaanza kuniita "Papa Kiazi". Mpaka naondoka hakujua jina langu lingine. Nilicheka nao. Lakini hapa kwetu nikiitwa jina la utani, chini yake kuna Janvier. Pale chini yake hapakuwa na mtu.

Jogoo alikuwa amelegea, mdomo wazi, mabawa yameachana na mwili. Mama Kavira alimpapasa.

"Jogoo ya baridi hii haifike Omate. Leta tuikule ingali na maana."

"Siwezi, Mama. Lazima afike muzima."

"Baba yako atajua aje?"

"Kaka yangu atajua."

Akaguna, akaleta beseni ya maji, akamchovya mheshimiwa hadi shingoni. Alitoka humo amekasirika, ndipo nikajua ataishi. Kabla sijalala Mama Kavira alisali rozari na watu wa nyumbani mwake, na nikaitikia nao. Kwa mara ya kwanza tangu Rubaya mdomo wangu uliitikia kitu sahihi.

Mubi

Mubi nilikwenda moja kwa moja msikitini. Nilijisifu kwa akili hiyo: Omate ni kubwa, wachimbaji wana majina ya utani, lakini Muislamu huulizwa kwa Waislamu wenzake. Nikavua ndala nilizonunua Walikale, mbali kabisa, nikasimama nje na kikapu.

Wazee watatu walikuwa wameketi kwenye mkeka. Nilipotaja Idrisa wa Kibabi, wakatazamana.

"Ni ndugu yako?"

"Kaka yangu. Tumbo moja."

Mmoja alinipa maji, na jogoo akampa yake. "Tulimupenda sana," akasema. "Alikuwa anasafisha hapa kila Ijumaa. Kiisha mutoto wake akakufa, na watu bakamuingia mu masikio. Hakuko kwetu tena, mwanangu. Uulize kule Omate kwenye hema la maombi. Banamuita Ndugu Yoshua."

Niliketi kwenye mkeka wao. Mtoto. Hatukujua hata kwamba ameoa. Na baba, nikafikiri, baba ambaye ilimchukua miaka yote hii kupata nguvu ya kumsamehe Muislamu! Sasa amempata Muislamu wake moyoni, amemwandalia jogoo, na Muislamu mwenyewe hayupo.

Mubi hadi Omate, kwa miguu

Njia ni ya msituni, na huendi peke yako. Unafuatana na wapagazi wa bia, mchele na betri. Wanatembea kama wanaokimbia na wanatambua kila mzizi. Mimi nilitambua kila mzizi kwa kidole gumba. Walinicheka mwanzoni, kisha wakaacha kunicheka, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa maana walikuwa wamekwisha kunisahau. Nilitembea nyuma yao, nikiona migongo tu. Nilijaribu kupanga maneno ya kumwambia Deo. Kila sentensi ilianza na "baba anasema," na haikufika mbali.

Omate

Omate ni maturubai, matope na redio. Nilimwona kabla hajaniona. Amekonda, mikono imepasuka, na nywele za pembeni zina mvi, yeye ambaye ni mkubwa kwangu kwa mimba moja tu. Alinitambua kwa mwendo wangu. Alikuja akikimbia, mikono wazi, halafu akaona kikapu, akasimama.

"Inatoka wapi hiyo?"

"Kwa baba."

"Usiingize, Janvier. Acha pale pale."

Kwa hiyo tulisalimiana hivyo, kikapu katikati. Nikampa maneno ya baba yote, neno kwa neno: achinje mwenyewe, namna dini yake inasema, aje huku, macho yanafunga. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Watu walianza kukusanyika, na mchungaji wao akatoka hemani, mtu mpole mwenye koti kubwa. Sina neno baya juu yake. Akaeleza kwa upole kabisa kwamba wao hawapokei kitu cha nyumbani: si chakula, si nguo, si mnyama, mpaka minyororo ya ukoo ikatike.

"Deo," nikasema, "ni jogoo tu. Namjua. Amenidonoa tangu Kibabi."

Hakutabasamu. "Unakumbuka maneno yake siku ya Pasaka?"

"Alisema ukikataa sahani usilale kwake."

"Na ile ya pili."

Niliikumbuka. Wote mliokuwepo mnaikumbuka. Tulidhani ni hasira ya mzee mbele ya wageni.

"Ilikaa miezi tisa," Deo akasema. "Ikaanza kutambaa. Kiisha homa, siku mbili. Sasa bibi yangu ana mimba ingine. Unataka nikule kitu ya mukono yake?"

Ninyi mnaosema mdomo wangu haufungi, mngekuwepo.

Mke wake, Furaha, ndiye aliyemaliza jambo. Mwanamke wa kule kule, tumbo mbele, hana maneno mengi. Alikuja akachukua kikapu kutoka mkononi mwangu.

"Mimi hakunilaani," akasema. "Hanijui." Akaenda kumfunga jogoo kwa kamba nyuma ya jiko. Deo alitazama upande mwingine, na mchungaji, baada ya kufikiri, naye akatazama upande mwingine.

Nilikaa kwao siku chache. Tulizungumza mambo mengi madogo: bonde, ng'ombe wa jirani, nani alikufa, nani alioa nani. Kila nilipogusia habari za baba, Deo alipata kazi ya kufanya. Mara moja tu aliuliza mwenyewe, akiwa ameinama anafua suruali.

"Inaona mpaka wapi? Macho yake?"

"Mpaka mlangoni. Anaona mwanga. Mtu akisimama pale anaona kivuli."

Akaendelea kufua suruali ile ambayo ilikuwa imetakata.

Siku ya kuondoka Furaha alinisindikiza kwanza. Akaniambia kwamba yule mtoto aliyekufa, msikitini aliitwa Yusufu, lakini nyumbani Deo alimwita Anselmi. Baba yetu ndiye Anselmi. Kisha Deo akachukua mfuko wangu, akatembea nami hadi kijitoni, wapagazi wakitungoja kwa kelele.

"Twende," nikasema. "Si lazima ule. Usimame tu mlangoni."

"Huyu azaliwe kwanza."

"Macho hayatangoja, kaka."

"Najua." Akanipa mfuko. "Umuambie umenikuta muzima."

Nilivuka kijito. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama. Nilipogeuka tena wapagazi walikuwa wameziba njia.

Kurudi

Kurudi hakuna cha kusimulia. Barabara ni ile ile, tope ni lile lile, ila sasa mapaja yalikuwa matupu, na katika bariyeri zote hakuna aliyeniuliza bei ya kitu chochote. Nilipofika Rubaya na kuona uso wa kwanza ninaoujua, nilijifanya sijamwona.

Baba alikuwa ameketi mahali pake, uso kuelekea mlango. Niliposimama pale alisema, "Wawili?" na nikasema, "Mmoja, Baba." Akasogea ili nikae.

Nilikuwa nimepanga uongo mzuri tangu Walikale. Jogoo kachinjwa, kaka anakuja kiangazi. Sikuweza. Nilimwambia yote: msikiti, hema, Yoshua, homa, siku mbili, mtoto aliyetambaa. Nilimwambia jina. Nilimwambia maneno ya Pasaka kama Deo alivyoyasema, na kwamba kuna mimba nyingine, na kwamba wanaogopa mkono wake.

Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa, na ile ngozi iliyoota juu ya maziwa hakuitoa. Wakristo wake walikuja kuuliza habari za ibada, akawaambia warudi kesho. Nilifikiri nimemuua.

Kesho yake asubuhi nilimkuta amevaa, ameshika mlango kwa mkono.

"Janvier. Hawa wa dini yake ya sasa, banakulaka nini?"

"Hawapokei kitu cha nyumbani, Baba. Nimekuambia."

"Nimesikia. Chumvi ya dukani je? Chumvi si ya nyumbani. Sabuni ya mutoto? Kama mama wa duka ndiye anawapa, haipitie mukono yangu, si ndiyo?"

Nikasema sijui.

"Ulikaa kwao siku ngapi na haukuuliza?"

Sikuuliza. Nilikuwa nimebeba jogoo njia yote ile na sikuwahi kuwauliza wanakula nini. Baba alisubiri jibu, macho yake yakielekea mahali alipodhani nimesimama, na mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka pale, nimekaa upande wa pili, natafuta kipande cha karatasi niandike jina la duka la Mama Kavira kabla sijalisahau.